Kitufe cha "Cheza" na Tarakilishi ya Ubao Mmoja

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kulijadili suala la istilahi kwenye makongamano, mbali na mashine zenyewe. Istilahi hubuniwa, hupigiwa makofi, huchapishwa katika orodha, kisha huachwa humo. "Ngamizi" ilipendekezwa, ikafifia. "Tarakilishi", inayohusishwa na maneno "tarakimu" na "akili", imeshika mizizi katika shule za Kenya ilhali Watanzania wengi wanaendelea na "kompyuta" yao bila kuona upungufu wowote. Kwa upande mwingine, "pakua", neno la shehena bandarini na la chakula jikoni, limepokelewa na vijana pasipo kushurutishwa na mtu, kwa sababu lilikuta kazi ikilingoja.

Makala hii inashikilia kwamba istilahi haipimwi ila kazini, na kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi moja ndogo na ya bei nafuu inayofaa sana kwa upimaji huo: kuitayarisha tarakilishi ya ubao mmoja iwe chombo cha kuonyeshea video na kusikilizia sauti, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa maelekezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe.

Tarakilishi inayokusudiwa ni Raspberry Pi. Wakfu ulioianzisha una makao yake Cambridge, Uingereza, na nia yake ilikuwa kuwavuta vijana kwenye uandishi wa programu. Ubao wa kwanza ulianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki. Hauna kiwambo, hauna kibodi, hauna hata diski. Mfumo wake wote hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu. Programu inayofaa kutiwa humo ni Kodi, ambayo mwanzo wake ni mwaka wa 2002, ilipoandikwa kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox. Baadaye ilijulikana kama XBMC, na jina la sasa ikalipata mwaka wa 2014. Ni programu huria: hailipiwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Hatua za awali hazina ugumu. Mfumo uitwao LibreELEC, ambao kazi yake ni kuiendesha Kodi na si zaidi, hupakuliwa na kuandikwa kwenye kadi kwa kutumia tarakilishi ya kawaida. Kadi hupachikwa kwenye ubao, ubao huunganishwa na runinga, umeme huwashwa. Mara ya kwanza mfumo hujipanua hadi ujaze kadi, hujizima na kujiwasha tena, kisha huuliza lugha na mtandao. Mambo mawili tu huwatatiza wengi. La kwanza ni kebo: toleo la 4 lina matundu madogo ya HDMI ambayo kebo ya kawaida ya runinga haiingii. La pili ni chaja. Toleo hilo huhitaji volti 5 na ampea 3, na chaja ya simu ya zamani haifikishi kiasi hicho. Umeme ukipungua, alama ya radi hutokea pembeni mwa kiwambo, na mashine huanza kusuasua. Mwanafunzi ambaye hajaelezwa maana ya radi hiyo ataishia kuilaumu programu isiyo na hatia.

Ubishi wenye manufaa huanza mashine ikishawaka, pale mwandishi wa maelekezo anapofika kwenye kitufe chenye pembetatu. Simu nyingi zilizotafsiriwa Kiswahili hukiita "Cheza". Tafsiri hii ni ya kivivu. Katika Kiswahili, anayecheza muziki ni mtu aliyesimama ukumbini akitikisa mabega. Muziki wenyewe hauchezwi kwa maana ya Kiingereza. Kitufe kinachomwambia mtumiaji "Cheza" kinamwamuru aingie uwanjani!

Je, kitufe kiitwe nini? Wapo watakaotaka "Piga", kwa kuwa gita hupigwa na muziki hupigwa. Hoja hiyo inafaa kwa sauti, lakini ikifika kwenye picha inageuka kinyume chake: kupiga picha ni kuinasa, na "piga video" italeta kamera badala ya runinga. "Weka" ndilo neno la abiria wa matatu anapomwomba utingo wimbo, nalo lina uhai wa kuonewa wivu; hata hivyo, ndani ya programu ambamo kuna kuweka faili, kuweka lugha na kuweka saa, litamchanganya mtumiaji. "Onyesha" linaitupa sauti nje. Kinachosalia ni "Chezesha". Kauli ya kutendesha inaweka mambo mahali pake: mtumiaji ndiye msababishi, mashine ndiyo mtendaji. Ni kweli kwamba refa naye huchezesha mpira, lakini muktadha hauruhusu mtu kumdhania refa ndani ya runinga. Na kutokana nalo chombo chenyewe kinapata jina kwa muundo uleule wa "kipaza sauti" na "kinasa sauti": "kichezesha video". Mwenye kutaka ufupi aseme "kichezeshi".

Vitufe jirani navyo vinadai uangalifu. Kodi hutofautisha kusimama kwa muda, ambako picha huganda pale ilipo, na kusimama kabisa, ambako mtumiaji hurudishwa kwenye orodha. "Sitisha" na "komesha" zinaibeba tofauti hiyo vizuri, "simamisha" haiibebi. Maandishi yanayopita chini ya picha mara nyingi huitwa "manukuu", neno ambalo mwanafunzi wa fasihi tayari analitumia kwa jambo jingine kabisa. "Maandishi ya chini" ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

Aidha, ipo sehemu ya kazi hii inayoihusu fasihi moja kwa moja. Si ajabu kukuta kabati la idara lenye kanda za tamthilia zilizoigizwa na wanafunzi na za malenga walioalikwa, zisizotazamwa kwa kuwa mashine ya kuzisomea imeharibika. Kanda hizo zikishageuzwa kuwa faili, Kodi huomba chanzo kiongezwe, yaani folda zilimo, kisha huuliza aina ya yaliyomo. Hapa tahadhari inahitajika. Mtumiaji akichagua filamu kwa njia ya kawaida, programu hutafuta maelezo kwenye hazina za intaneti, ambamo tamthilia ya wanafunzi haimo. Badala yake, achague maelezo ya humo humo tu, na kando ya kila video aweke faili la maandishi lenye jina lilelile na kiishio cha nfo. Ndani yake huandikwa kichwa, mwaka, mwelekezi, waigizaji na muhtasari. Muhtasari huo ni nafasi ya kuandika uhakiki mfupi wa Kiswahili ambao kila mtazamaji atausoma kabla ya kuchezesha, jambo ambalo tasnifu nyingi zilizolala maktabani hazijabahatika kulipata.

Watakuwepo wa kusema kwamba haya ni mambo ya wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi. Wanafunzi hao hawatakataa kusaidia, lakini hawataulizana kuhusu kauli ya kutendesha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima inaweza kuzungumza Kiswahili wanaisimu na wanateknolojia wakikaa pamoja. Matini ya vitufe vya Kodi nayo hutafsiriwa na watu wa kujitolea, katika mafaili ambamo kila sentensi ya Kiingereza imeachiwa nafasi ya tafsiri chini yake. Ni maelfu ya sentensi, na hakuna haja ya kuzianza zote. Chama kinaweza kuanza na vitufe vinavyoonekana video ikiendelea, kuvijaribu kwa muhula mmoja kwenye runinga ya idara, na kuwa na daftari kando yake la kuandikia kila neno lililomfanya mtazamaji abonyeze kitufe kisicho chake.