Sahani imepasuka: nani ameipasua?

Juma hili tunazungumza juu ya vitenzi. Msikimbie! Si jambo la darasani tu. Ni la jikoni, la kikundi, hata la mahakamani.

Tuanze nyumbani. Mtoto anasema: "Mama, sahani imepasuka." Hajadanganya. Lakini angesema "nimepasua sahani", tungewaona wawili: mwenye kupasua na kilichopasuliwa. Kwa kusema "imepasuka" imebaki sahani peke yake. Mwenye mkono ametoka nje ya sentensi.

Vitenzi kama pasua, vunja na mwaga sisi walimu tunaviita vitenzi elekezi, maana tendo lake linamwelekea mtu au kitu kingine. Ukisema "mama amevunja", watu watauliza: amevunja nini? Vunjika na mwagika havina deni hilo. Vinatosheka na kimoja.

Kiswahili hubadili mwisho wa kitenzi ili kuongeza au kupunguza washiriki. "Mama amepika sombe": mpishi na chakula. "Mama amewapikia wageni sombe": wameingia wageni. "Mama amempikisha binti sombe": ameingia anayetuma. "Sombe imepikwa": mpishi hakutajwa, lakini yupo, na tunaweza kuuliza: na nani? "Imevunjika" haina hata nafasi ya swali hilo. Kibembe na Kifuliiru, ndugu za Kiswahili, nazo hubadili mwisho wa kitenzi. Kifaransa kinatenganisha "casser" na "se casser". Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa vunja na vunjika. Ndiyo maana watoto wetu wa sekondari wanatafuta neno la pili bila kulipata. Waambieni waangalie kama baada ya kitenzi kuna kitu kinachotendewa.

Sasa tuingie kwenye kikundi. "Pesa zimepotea" ni sentensi inayovunja vikundi vingi, kwa sababu haina mtu ndani yake. Kitenzi kopesha kinataka watatu: aliyekopesha, aliyekopeshwa, na pesa. Basi hata daftari liandikwe hivyo: nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani. Nafasi moja ikiwa tupu, tuulize siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwaka.

Kuna sentensi nyingine tunayoisikia sana: "Msichana yule amepata mimba." Msichana na mimba, basi, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Tukisema "amepewa mimba", swali linafunguka lenyewe: na nani? Na swali hilo lina uzito. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya unyanyasaji wa kingono inamlinda kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini sheria haiwezi kumshika mtu ambaye sentensi yetu imemficha.

Wanawake wa kwetu wameonyesha njia. Baada ya yaliyotendeka Fizi tarehe 1 Januari 2011, mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikaa hapa Baraka mwezi wa Februari, na wanawake 49 wakatoa ushahidi. Luteni-Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 gerezani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kuwatuma askari wake. Tazameni: mahakama haikuishia kwa "walibakwa". Iliuliza nani alitenda, tena nani alituma watende.

Tunawapa zoezi la juma hili. Mtoto akisema "imemwagika", mwulizeni kwa upole: nani ameimwaga? Akijibu "ni mimi", mshukuruni kwa kusema kweli, halafu mpeni kitambaa apanguse. Msimchape. Mtoto anayechapwa kila anaposema "nimevunja" atajifunza haraka kusema "imevunjika" siku zote. Na mtoto aliyezoea kumwondoa mtendaji ili ajiokoe na fimbo, siku atakapotendewa ubaya na mtu mkubwa atatuambia tu: "nimeumia". Tumzoeze kumtaja mtendaji katika mambo madogo ya sahani na maji, ili siku ya jambo kubwa asikose maneno, wala asiogope kuyasema mbele ya mama yake.