Vishikwambi vya Kabatini
Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Vilivyofika, kuanzia 2016, vilikuwa vishikwambi. Sisemi ahadi ilivunjwa. Ilipungukia njiani, kama ilivyo desturi ya ahadi za kampeni. Linalonikera ni jingine. Hapa Kinanie nimeviona vimefungiwa kabatini kwa kuhofia wezi. Siku vinapotolewa, betri zimekufa, au programu yadai kusasishwa kwa intaneti isiyokuwapo. Jioni watoto wale wale hucheza michezo katika simu za wazazi, na vidole vyao vina ustadi kuliko vyangu. Baadhi yetu huuita upotovu. Walimu wenzangu, fungueni makabati. Kikivunjika kimoja mikononi mwa mwanafunzi, niitwe mimi nijieleze.