Kompyuta Zinazongojana

Imekuwa desturi, kila ipatikanapo habari ya kuvinunulia vyuo vyetu kompyuta zenye nguvu kubwa, watu waulize kwanza idadi ya prosesa, na ni nadra mno kumsikia mtu akiulizia nyaya zitakazoziunganisha. Nami naona swali hilo la pili ndilo lililostahili kutangulia.

Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha NASA huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za namna iliyouzwa madukani, zikafanya kazi kama mashine moja waliyoiita Beowulf. Haukupita muda wakatambua ya kuwa prosesa zimeushinda waya kwa kasi, zinakaa bure zikingojana. Ndipo Becker alipoandika upya programu za kadi za mtandao, ili shehena moja igawanywe na kupita katika nyaya mbili kwa pamoja.

Hayo yalikuwa ndani ya chumba kimoja, seuze mashine zikitengwa na masafa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Basi kuzimaliza kilomita 1,000 huuchukua sehemu 5 katika 1,000 za sekunde, muda ambao mwanadamu hauhisi kabisa, ilhali prosesa ya mapigo bilioni 3 kwa sekunde imekwisha kupiga milioni 15 ikingoja. Na utabiri wa mvua za masika, ambao ramani yake hukatwa vipande vipande, hauwezekani ila kwa mazungumzo yasiyokwisha: kila kipande sharti kipate kwa jirani zake habari ya upepo na unyevu kabla ya hatua inayofuata. Kazi ya namna hiyo na ibaki katika jengo moja. Zisizohitaji kusemezana, kama kupekua maelfu ya picha moja moja, ndizo za kugawiwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Hata hizo zina sharti lake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja huko kusini, intaneti ya pwani yetu ikazorota, ikabainika kuwa nyaya mbili zilizolala katika bahari moja si njia mbili. Nawaomba wakuu wa vyuo na wizara, kabla ya kutia saini ununuzi wa mashine yoyote, fedha za swichi, za nyaya na za njia ya pili ipitayo nchi kavu ziwe zimekwisha kutengwa, na mafundi wa kuzitunza wawe wamekwisha kuajiriwa.