Choo Kipya, Bomba la Zamani



Hapa Gihundwe, kwenye vilima vya juu ya Ziwa Kivu, si ajabu kukuta nyumba ya zamani yenye chumba cha chini kilichochimbwa ndani ya mteremko. Mwenye nyumba akitaka kutengeneza choo na bafu humo, huanza na vigae na rangi. Sisi tunasema ameanzia mwisho.

Maji hayapandi mlima. Bomba la choo linataka mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Likienda mita 10, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 20. Ikiwa shimo la maji machafu liko juu kuliko sakafu, uchafu utarudi ndani. Dawa ni kuchimba shimo jingine upande wa bondeni, mbali na chemchemi. Pampu nayo husaidia, lakini umeme ukikatika, hulala. Tena mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kwa ndani. Kuyaunganisha na sinki jipya ni kumvisha mgonjwa kanzu.

Anayeumia ni nani? Ni watoto wa mpangaji, mchuma chai wa Shagasha au kibarua wa kiwandani, aliyelipa kodi kamili.

Basi wenzetu, tudai mambo mawili: bomba lijazwe maji na kupimwa mbele ya wapangaji kabla ya sakafu kufunikwa, na kodi isipandishwe kwa sababu ya vigae huku shimo halijachimbwa. Mmoja akidai atahamishwa. Tukidai sote tutasikilizwa.