Njia Inayopita Kando ya Shamba Lako Nayo Ni Zao

Leo naweka kando ukungu wa viazi na bei ya parachichi. Nataka tuzungumze kuhusu watu wanaopita kando ya mashamba yetu wakielekea milimani, na kwa nini wanarudi mjini na hela zao zote mfukoni.

Jumamosi moja nilikuwa natoka kukagua shamba la kikundi upande wa Isongole, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Nikakutana na vijana kama kumi na tano, wanafunzi wa chuo, wanateremka kutoka Ziwa Ngozi. Matope mpaka magotini, wamechoka, wana njaa. Pembeni ya barabara kulikuwa na mama zetu watatu na ndoo za viazi vibichi. Wanafunzi wakauliza kama kuna viazi vya kuchemsha, au mahindi ya kuchoma, au hata chai. Hakuna. Wakamalizia biskuti walizokuja nazo, wakapanda gari, wakaondoka. Mwanafunzi anayelala bweni atabeba vipi ndoo ya viazi vibichi? Jioni dalali akazichukua ndoo zile zile kwa bei aliyoitaka yeye.

Mimi naona hapo kuna tatizo la ugani kabisa. Tumekufundisha kupanda kwa mstari, kuweka mbolea na kupiga dawa, lakini hatukukwambia kwamba mteja anayekuja kwa miguu yake mpaka mlangoni kwako ni bora kuliko yule unayemfuata na lumbesa.

Tatizo la kwanza liko kichwani. Wengi wetu tunaamini utalii ni wa wazungu na wanyama wakubwa, kwa hiyo Iringa tunaitazama Ruaha na huku Mbeya tunasubiri mwekezaji. Wakati huo Mbeya na Iringa zimejaa vyuo, na wanafunzi wao hawana nauli ya kwenda Serengeti ila wana nauli ya kufika Isongole. Wapo watumishi, vikundi vya kwaya, shule zinazopeleka watoto kuona Daraja la Mungu pale Mto Kiwira. Hao ndio wageni wako. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, na mtu mwenye afya ya kawaida anapanda na kushuka siku hiyo hiyo. Ukimpata mzungu, ni nyongeza.

Kule Japani, ambako vijiji vingi vya milimani vimebaki na wazee kwa sababu vijana wamehamia mijini, kuna kijiji kinaitwa Tsumago. Kiko kwenye barabara ya kale ya miguu, na leo watu hutembea karibu kilomita 8 za milima na misitu kati yake na kijiji jirani cha Magome. Mwaka 1971 wakazi walikubaliana nyumba zao za zamani hawataziuza, hawatazipangisha na hawatazibomoa. Makubaliano hayo waliyaweka wenyeji wenyewe. Na tangu mwaka 1993 nchi hiyo ina vituo vya kando ya barabara, sasa vimezidi 1,000, ambako msafiri anapumzika, anapata choo, na kwenye vingi ananunua mazao ya wakulima wa jirani. Mkulima analeta mboga zake asubuhi, anapanga bei mwenyewe, na pakiti ina jina lake. Sisemi tujenge majumba kama yale. Ila banda la mabati, meza safi, choo na bei iliyoandikwa kwenye ubao, kikundi chochote cha VICOBA kinaweza.

Choo nimekitaja na nitakirudia. Mgeni mwanamke aliyetembea saa tatu akikuta choo safi chenye maji na sabuni, huyo atanunua chochote ulichonacho.

Sasa hesabu. Chukua ndoo moja ya viazi, chemsha, panga kwenye sahani na kachumbari, hesabu zimetoka sahani ngapi. Toa kuni, chumvi, nyanya na muda wako. Andika kwenye daftari, halafu linganisha na bei ya dalali wiki hiyo. Fanya hivyo hivyo kwa ndizi, magimbi, maziwa ya mgando na parachichi zile zilizokataliwa na kampuni kwa kuwa na kovu kwenye ganda. Parachichi lenye kovu kwenye sahani halina kovu. Wa Iringa, pale Isimila kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za kale, kilomita kama 20 tu kutoka mjini kwenye barabara kuu ya kuja Mbeya, mgeni anatoka bondeni na kiu na jua kichwani. Muuzie karanga, asali, na vikapu vya milulu ambavyo mama zetu wanavisuka vizuri kuliko mtu yeyote.

Lakini ninawaonya pia. Usikope kujenga nyumba ya wageni. Wageni wa miguu wanakuja kwa mawimbi, wikiendi wengi, Jumanne hakuna mtu. Na Kitulo, ile wengi wanaiita Bustani ya Mungu, huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani mvua zinaponyesha na wewe uko kwenye palizi. Mgeni na magugu watakuja pamoja. Ndiyo maana nasema kikundi, mpeane zamu, wawili mezani na wengine shambani. Anayeacha palizi kwa sababu ya chai atalia wakati wa mavuno, na mimi sitakuwa na la kumsaidia.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya viazi. Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua, hasa yale ambayo viazi vyake vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia kutengeneza kikande. Ukichimba kiazi kile umeng'oa mmea mzima, na mwaka ujao hakuna ua, hivyo hakuna mgeni. Hali ni hiyo hiyo kwenye misitu ya Rungwe, alikokutwa kipunji, nyani ambaye wanasayansi hawakuwa wanamjua mpaka mwaka 2003 ingawa wawindaji wetu walimjua zamani. Kila mwaka naona mashamba yakipanda juu kuufuata msitu, na watu wakilima mpaka kwenye kingo za vijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Najua unaniona mkorofi nikija na kamba ya kupimia. Kijito kile kile ndicho kinachonywesha ng'ombe wako Oktoba, na ndicho mgeni anachopiga picha. Ukikikausha umepoteza vyote viwili.

Vijana wanaotaka kuongoza wageni, nanyi nina neno. Hifadhi zina wenyewe na zina viingilio, kwa hiyo anzeni kwenye ofisi ya misitu na serikali ya kijiji, msijifanye wajanja wa kupitisha watu njia za panya. Bei isemwe kabla ya kuanza kupanda, isibadilike mkifika juu. Ondokeni asubuhi, kwa sababu mchana ukungu ukishuka Ngozi huoni ziwa wala mti wa mbele yako. Msimruhusu mtu kuteremka ule ukingo hadi majini kwa sababu tu ameomba. Na jifunzeni hadithi kwa wazee, mkianzia na ile ya hazina ya Wajerumani iliyotupwa ziwani. Chupa za plastiki mrudi nazo.

Wewe uliyezaliwa chini ya mlima na hujawahi kufika kileleni, anza na hilo. Vaa viatu vya kushika matope, na koti, hasa Juni na Julai baridi inapouma, kisha panda na watoto wako. Ukishuka, andika ulichotamani kula, ulipotamani kukaa na ulipokosa choo. Karatasi hiyo ilete kwenye mkutano wa kijiji. Nakala niachie ofisi ya kata, nipo Jumatatu na Alhamisi asubuhi.