Anayetemwa Ana Mkataba

Katika mikahawa ya Endarasha, kama kwingineko nchini, shabiki wa AFC Leopards hakosi orodha ya wachezaji anaotaka watemwe. Neno lenyewe ni kali: kinachotemwa ni kile kisichomezeka. Lugha ya michezo imelizoea hata hatuusikii tena ukali huo.

Uchungu wa mashabiki twauelewa. Baada ya ubingwa wa 1998, Ingwe walikaa zaidi ya miaka ishirini bila taji la ligi. Lakini je, kikosi kivunjwe, kisukwe, kisha kivunjwe tena kila msimu? Mkulima wa viazi hapa Kieni hang'oi shina kila wiki kutazama kama limezaa.

Isitoshe, anayetemwa hatoweki. Mwaka wa 2021, FIFA iliizuia klabu hiyo kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya wachezaji na kocha wa zamani, naye kocha Patrick Aussems akalazimika kuwategemea chipukizi. Kwa hivyo, kabla ya kutaja jina la wa kutemwa, mashabiki na wauulize uongozi: mkataba wake unamalizika lini, na haki yake italipwa kwa fedha zipi?