Majani Mawili na Chipukizi

Juma hili tumepokea simu kutoka Bomet. Mwanetu mmoja, aliyeajiriwa huko katika kiwanda cha chai, amebakiwa na siku 21 tu kabla ya mtihani wa GMAT, mlango wa kuingilia vyuo vingi vya biashara. Alikusudia kuacha usingizi, tukamsihi asiuache.

Mtihani huo una maswali 64: hesabu 21, ufahamu na hoja 23, uchambuzi wa takwimu 20, kila fungu dakika 45. Katika fungu la hesabu hairuhusiwi kikokotoo. Basi tukamshauri: kwanza afanye jaribio zima akiitazama saa, aujue udhaifu wake, kisha kila baada ya Alfajiri aushughulikie huo, na kila kosa aliandike daftarini pamoja na sababu yake.

Mchumaji wa chai hachumi kichaka kizima; huchuma majani mawili na chipukizi. Afanyaye kazi kwa muda mfinyu na achague vivyo hivyo.

Nasi wazee, kwa majuma haya matatu, tusimpigie kumwomba fedha. Tumwombee dua.